Tembea Bustani Kabla Haijawa Hadithi

Wazee wetu wana msemo kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure: aliyetoka huenda akaokota. Juma hili tunawaalika akina mama, akina baba na watoto kwenye matembezi ambayo familia zetu za Pwani huyasahau kila zinapopanda gari la moshi kwenda Nairobi. Nayo ni kuzuru bustani na mandhari za kale kwa miguu, polepole, mkiongozwa na mtu anayezijua. Wengi wetu tukifika huko hukimbilia madukani na kwa jamaa, kisha tukarudi na mizigo mizito na habari nyepesi. Matembezi ya kuongozwa hugeuza mizani hiyo.

Tutaanzia mahali ambapo wengi hawapatarajii, mtaa wa Makongeni, katika Eastlands ya Nairobi. Tunaanzia hapo kwa makusudi, kwa kuwa mandhari ya Makongeni haina muda mrefu wa kutungoja.

Kiongozi mwema huanza na majina

Kiongozi wa matembezi aliye hodari hakurupuki kuonyesha miti. Kwanza hueleza majina. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi mwezi Mei 1899, na pamoja na mataruma na vyuma vyake ilipandisha lugha yetu bara. Litazame orodha la mitaa ya Eastlands: Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Starehe, Maringo, Bahati, Kaloleni, Makongeni. Mtu wa Pwani akiyasoma majina hayo hajioni mgeni. Kaloleni tunayo Kilifi na tunayo Mombasa mjini. Makongeni tunayo Kwale, upande wa Msambweni, kwa ndugu zetu Wamakonde. Jina lenyewe lasema mahali pa makonge, na Pumwani lasema mahali pa kupumua.

Majina mengine yana huzuni ndani yake. Shauri Moyo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliobomolewa kijiji chao cha Pangani, kijiji cha Waswahili na Waislamu wa mwanzo wa Nairobi. Katika Pangani, na baadaye Pumwani, wanawake wengi walimiliki nyumba kwa majina yao wenyewe, jambo ambalo mabinti zetu wanafaa kulijua. Mtaa wa Mbotela nao, ulio jirani na Makongeni, umebeba jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa ukoo wa Freretown, Mombasa, aliyeuawa mwaka 1952. Kwa hiyo hata kabla hujapiga hatua mia moja, kiongozi amekwisha kukuonyesha kwamba Pwani ilikwishafika hapa zamani, ikaacha alama.

Udongo mwekundu na udongo mweusi

Baada ya majina, kiongozi humwambia mgeni atazame chini. Magharibi ya Nairobi ni udongo mwekundu wenye rutuba na vilima vyenye misitu. Mashariki ni uwanda wa udongo mweusi, unaong'ang'ania kiatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Utawala wa kikoloni uliwatengea Wazungu upande wa kwanza, ukawaweka wafanyakazi Waafrika upande wa pili, karibu na reli na viwanda. Ndiyo sababu mtu akitaja bustani za Nairobi leo, kidole chake huelekea magharibi na kaskazini. Mgawanyo wa kivuli ulifuata mgawanyo wa watu.

Hata hivyo, Eastlands haikukosa bustani kabisa. Mwaka 1898 Mwingereza Ebenezer Howard alitoa kitabu kilichoeleza mji ambao nyumba zake zingekuwa na hewa, miti na nafasi za wazi, mji uliochanganya manufaa ya shamba na ya jiji. Fikra hiyo ilisafiri dunia nzima, na katika miaka ya 1940 ikafika Kaloleni. Mtaa huo haukupangwa kama kambi ya safu zilizonyooka. Nyumba zake za chini zilizunguka viwanja vya nyasi, njia za miguu zikapita baina yake, na katikati pakawekwa ukumbi wa wakaazi. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1948 ukaifanya namna hiyo ya kupanga mitaa kuwa msingi wa Nairobi. Simulizi za wenyeji zasema kwamba mafundi wa Kiitalia waliotekwa vitani walishiriki katika ujenzi wa Kaloleni. Ukumbi wake ukawa baraza la siasa kabla ya Uhuru, hata wenyeji wakauita bunge.

Msomaji asidanganyike akadhani kwamba ilikuwa hisani tupu. Mtaa ule ulijengwa kwa watu ambao hawakuruhusiwa kukaa kwingine. Lakini wakaazi walikichukua kile walichopewa wakakifanya chao: vile viwanja vya nyasi vikawa mahali pa harusi, pa matanga, pa mpira wa watoto na pa mazungumzo ya jioni. Hapa ndipo kiongozi hunyamaza kidogo, awaache wageni waone wenyewe jinsi nyumba inavyotazama nyumba, na jinsi mama aliye mlangoni awezavyo kuwaona watoto wa majirani watano bila ya kuinuka. Akina mama wa Mji wa Kale watalitambua jambo hilo haraka kuliko mhandisi yeyote.

Makongeni yenyewe

Kutoka Kaloleni hadi Makongeni ni mwendo mfupi. Mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli: wapiga filimbi, mafundi wa karakana, wachochea moto wa injini, na familia zao. Shirika la Reli lilikuwa mwajiri wao na mwenye nyumba wao kwa wakati mmoja. Mwaka 2006 ardhi na nyumba hizo zilihamishiwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Mwaka 2025 wapangaji walilipwa fedha za kuhamia na wakaanza kufunga vyombo vyao, ili kupisha mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu.

Nyumba mpya ni neema kwa mwenye kuhitaji makao, na makala haya hayasemi zisijengwe. Swali letu ni jingine. Mtaa unapovunjwa, matofali huhesabiwa, mabati huhesabiwa, na wapangaji huhesabiwa. Nani huhesabu miti? Nani huandika kwamba chini ya mti huu watoto walisoma chuo, na kwamba kiwanja kile kilitandikwa mikeka siku za Idi? Mandhari haina hati ya kumiliki wala haina wakili. Shahidi wake ni yule aliyepita hapo kwa miguu akiuliza na kusikiliza.

Kwa hiyo anayetaka kuyaona mabaki ya miji ya reli, awahi. Aongozwe na mwenyeji aliyezaliwa huko, mzee au bibi aliyelea watoto wake huko, maana hakuna kitabu kitakachojibu maswali yake vyema zaidi.

Bustani ya Jeevanjee, sadaka iliyokaribia kunyakuliwa

Kutoka Eastlands mnaweza kupanda matatu hadi katikati ya jiji na kushuka karibu na Bustani ya Jeevanjee. Msomaji wa Mombasa ana haki ya pekee ya kuijua habari yake. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, Muislamu wa jamii ya Bohora, akafika Mombasa mwaka 1890. Alikuwa mkandarasi wa reli, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 alianzisha hapa kwetu Mombasa gazeti la African Standard, lile ambalo kizazi chake ni gazeti la The Standard la leo. Baadaye akawa Mhindi wa kwanza kuteuliwa kuingia katika baraza la kutunga sheria la koloni, na humo alizitetea haki za watu wake waziwazi.

Mwaka 1906 aliwapa watu wa Nairobi bustani hii, ili maskini na tajiri wapate pa kukaa. Jambo hilo lafanana sana na wakfu: mali imefungwa isiuzwe, manufaa yake yameachiwa umma. Lakini wakfu usiolindwa huliwa. Mwaka 1991 ulitangazwa mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari ya ghorofa pamoja na maduka. Aliyesimama mbele kupinga alikuwa mwanamke, Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee. Wananchi walimuunga mkono na bustani ikasalimika. Leo ukipita saa za mchana utawakuta vijana wamelala nyasini, wahubiri wakipaza sauti, wapiga picha wakitafuta wateja, na wazee wakisoma magazeti. Si pahali pa utulivu, bali ni pahali pa watu wote, na hilo ndilo lililokusudiwa.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1989, Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa sitini lililotaka kusimama katika Bustani ya Uhuru. Alitukanwa hadharani, hata hivyo jengo halikujengwa. Miaka kumi baadaye alipigwa akiutetea msitu wa Karura. Tukiyaweka matukio hayo pamoja twaona jambo moja: kivuli ambacho Nairobi inajivunia leo kililindwa, kwa sehemu kubwa, na wanawake. Akina mama wanaosoma ukurasa huu wasidhani kwamba habari za bustani ni za wengine.

Miti iliyopandwa ili ichomwe

Kituo cha tatu ni Arboreta ya Nairobi, karibu na Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907, na sababu ya kuanzishwa kwake itawashangaza watoto: ilikuwa shamba la majaribio la kutafuta miti inayokua upesi, ili ipatikane kuni za kuendeshea injini za reli. Mikaratusi mingi mnayoiona katika nyanda za juu za Kenya ilipandwa kwa hesabu hiyo hiyo. Injini zilipoacha kula kuni, miti ya Arboreta ikabaki, na shamba la kuni likawa bustani yenye hekta zipatazo 30 na mamia ya aina za miti kutoka pembe nyingi za dunia.

Hapa ndipo matembezi yanapounganika. Yule mchochea moto aliyelala Makongeni, akiamka alfajiri kwenda karakana, na miti hii iliyopandwa upande wa pili wa jiji, vilikuwa sehemu mbili za mtambo mmoja. Lakini miti imepata walinzi na wapenzi, na mtaa wa mchochea moto haukupata. Kiongozi akilieleza hilo mkiwa chini ya mti wenye umri wa karne, mtoto wa darasa la sita ataelewa historia ya Kenya kwa namna ambayo ubao haukuweza kumweleza.

Mwenye siku ya ziada aende City Park, upande wa Parklands. Humo mmesalia kipande cha msitu wa asili, kima wanaruka juu ya vichwa, na pana makaburi ya Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwezi Februari 1965, na ya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais na akachagua kulala karibu na rafiki yake huyo. Sehemu ya bustani hiyo nayo ilikwisha kumegwa na wanyakuzi kabla ya kutangazwa rasmi kuwa turathi ya taifa mwaka 2009.

Faida ya kuongozwa

Huenda mtu akauliza: miguu ni yangu na macho ni yangu, kiongozi wa nini? Jibu ni kwamba jicho huona linachokijua. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bi Fleur Ng'weno aliwaongoza watu wa Nairobi katika matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege. Kutoka katika matembezi kama hayo wametokea watazamaji na walinzi wengi wa mazingira. Mtu akijifunza jina la ndege mmoja, mti anaotua huwa na thamani mpya machoni pake.

Uingereza nako wana desturi ya kupendeza. Tangu mwaka 1927, wenye nyumba hufungua bustani zao kwa wageni wakati wa kiangazi kwa malipo madogo, na fedha zinazopatikana husaidia kazi ya wauguzi. Mwaka wa kwanza kila mgeni alilipa shilingi moja. Huko Toronto, Kanada, mwaka 2007 wenyeji walianza kuwatembeza wenzao katika mitaa yao wenyewe, bila ya malipo na bila ya mtaalamu, na desturi hiyo imeenea katika miji mingi. Mambo haya mawili hayahitaji utajiri. Yanahitaji mwenyeji anayejua, mgeni mwenye adabu, na siku moja iliyokubaliwa.

Kwetu Pwani hatuanzi na mikono mitupu. Gedi ina viongozi wanaoweza kukuonyesha msikiti mkuu, visima, na miti iliyoota juu ya kuta za mji uliohamwa karne nyingi zilizopita. Unguja ina Bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa katika miaka ya 1930 kwa heshima ya Sultani Khalifa bin Haroub na ikafanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2009. Familia isiyoweza kufika Nairobi mwaka huu na ianzie Gedi.

Matayarisho ya familia

Wakati unaofaa ni siku kavu. Januari na Februari jua la Nairobi ni kali mchana, kwa hiyo anzeni saa mbili asubuhi. Agosti, shule zinapofungwa, hakuna mvua nyingi lakini kuna ubaridi, na mtoto wa Pwani atahitaji sweta. Mwezi wa Oktoba mijakaranda huchanua na njia hutandikwa maua ya zambarau.

Vaeni raba au viatu bapa, na buibui lisiloburura chini, kwani udongo mweusi hauna huruma. Chukueni maji, tende, mkeka mwepesi na kofia za watoto. Msipange vituo zaidi ya vitatu kwa siku. Mpango mwepesi ni huu: Kaloleni na Makongeni asubuhi, Bustani ya Jeevanjee kabla ya adhuhuri, kisha mswali katika Msikiti wa Jamia, ulio mwendo mfupi kutoka bustanini. Ubavuni mwa msikiti huo pana maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Alasiri iwe ya Arboreta. Watoto wakichoka mkiwa bado Eastlands, Kaloleni ina maktaba yake ndogo, tawi la hiyo McMillan, ambayo ilifanyiwa ukarabati miaka ya karibuni kwa juhudi za wanawake wawili wapenzi wa vitabu. Ni pahali pazuri pa kupumzika.

Katika mitaa ya watu, adabu ni ngao. Msiingie bila ya mwenyeji, msalimieni kila mzee, na msimpige mtu picha bila ya ruhusa. Kumbukeni kwamba watu wa Makongeni hawajajipanga ili watazamwe. Baadhi yao wamepoteza makao ya maisha yao yote. Ikiwa mama mmoja atasimama kuwasimulia, msikilizeni hadi mwisho, na simu zikae mikobani.

Amana ya miguu

Kila familia ibebe daftari moja. Mtoto aandike miti mitano, majina yake kama wenyeji wanavyoyataja, mahali iliposimama, na jambo moja lililowahi kutendeka chini ya kila mti. Dada mkubwa achore ramani. Bibi, hata asipoweza kusafiri, aulizwe juu ya bustani na miembe ya utoto wake, na majibu yake yaandikwe katika daftari hilo hilo. Mafunzo ya dini yetu yametuambia kwamba Muislamu apandapo mti, kila kiumbe atakachokula humo huandikiwa mpandaji sadaka. Basi mwenye kuuhifadhi mti uliopandwa na mwingine, asaa naye asikose fungu lake.

Jeevanjee alitoa bustani, lakini haikulindwa na karatasi pekee. Ilipotaka kuchukuliwa, ililindwa na watu walioijua na kuizoea. Uhuru Park na Karura vililindwa vivyo hivyo. Bustani isiyotembelewa huonekana mbele ya mnyakuzi kama kiwanja kitupu. Iliyotembelewa na watoto mia moja ina mashahidi mia moja.

Basi likizo ijayo, kabla ya kukata tiketi ya kurudi Mombasa, tengeni siku moja. Mtafuteni mwenyeji wa Eastlands, kwani hakuna familia ya Pwani isiyo na jamaa huko, mkamwombe awatembeze. Makongeni kuna miti iliyokua pamoja na watoto wa reli, na haijulikani ni ipi itakayosalia. Nendeni mkaandike majina yake.